Kufuli Ambalo Halijazaliwa

Apolinari alikuwa fundi mzuri, na ubaya wake wote ulianzia hapo. Fundi mbovu huogopa, huuliza, hurudia kazi aliyokwisha kuifanya. Fundi mzuri hufika, hutupa jicho, hutoa hukumu, halafu huulizia chai. Tangu alipoletwa na misheni kutoka Mbinga, hapakuwa na mtu kati ya Nachingwea na Ruangwa aliyethubutu kugusa waya wa kompyuta bila kumwuliza kwanza. Hata padri, akiona taa nyekundu kwenye printa, aliondoa mikono mezani kama mtoto aliyefumaniwa na sukari, akasema aitwe Fundi.

Siku hizo hospitali ya misheni pale Nachingwea haikuwa na intaneti ya kubofya picha. Barua pepe zilisafiri kwa redio, ile ile ya kuitia gari na kuulizia dawa, kwa kupitia kisanduku kilichokoroma na kupiga miluzi mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Njia ilikuwa nyembamba. Kwa hiyo Apolinari aliweka programu ya barua ya maandishi matupu: skrini nyeusi, herufi nyeupe, na kila kazi ina herufi yake ya kubonyeza. Iliitwa Mutt, neno ambalo kwa Kiingereza ni mbwa koko, naye alipenda kuwaambia wageni kwamba mbwa koko hali sana wala haugui.

Kwa kuwa barua hizo zilipita vituo vingi kabla ya kufika, daktari alitaka zile za wagonjwa zifungwe zisisomeke njiani. Apolinari aliwakusanya makarani akawaeleza kwa lugha ya nyumbani.

"Kila kituo kina kufuli lake na ufunguo wake," alisema. "Makufuli tunagawiana, tena yakiwa wazi. Ukitaka kumwandikia Nicholaus wa Ruangwa, unachukua kufuli la Nicholaus, unabana barua yako. Ukishabana, hata wewe mwenyewe huifungui tena. Ufunguo anao yeye peke yake kule kwake."

"Na kufuli likipotea?" aliuliza Koleta.

"Kufuli halipotei. Ufunguo ndio unaopotea. Ukipotea tunatengeneza vyote viwili upya."

Koleta ndiye aliyekuwa karani wa barua pale Nachingwea. Mwanamke wa Naipingo, vidole vyepesi, ulimi mwepesi zaidi. Alimwita Apolinari Mzee wa Waya ingawa walilingana umri, naye alimwita yeye Waziri wa Posta. Krismasi zote za ugenini Apolinari alikula kwa Koleta. Alipougua malaria ya kichwa ni Koleta aliyempelekea uji wodini, akimtukana huku akimpozea kijiko. Haya yote Apolinari aliyajua siku ile alipoulizwa swali lake moja, na ndiyo maana hadi leo hana pa kujifichia.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nne, mvua za mwisho za masika. Kompyuta ya kituo cha afya cha misheni kule Ruangwa ilikuwa imekufa diski, na ufunguo wa Nicholaus, tabibu wa pale, ulikufa nayo. Apolinari alikwenda na diski mpya. Saa nne asubuhi akatengeneza kufuli jipya na ufunguo wake, kazi ambayo mashine huiomba kwa namna ya kichekesho: inataka watu wabonyeze kibodi ovyo ovyo, ili yenyewe ipate vurugu ya kutosha ya kufinyangia siri. Nicholaus alibonyeza, mlinzi akabonyeza, mama mmoja aliyeleta mtoto kliniki naye akaombwa abonyeze, wakacheka sana. Kufuli likawa tayari kutumwa Nachingwea.

Kumbe Nachingwea umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Uliporudi, saa sita mchana, Koleta aliwasha mashine ikamletea swali ambalo hajawahi kuulizwa. Akamwita Ruangwa kwa redio.

"Fundi, inataka tarehe na saa. Niifanyeje? Ova."

Apolinari alikuwa ameshika bisibisi mdomoni, anafunga kifuniko. Aliitoa akajibu. "Betri yake ndogo ya ndani imekufa, imesahau siku. Nikija nitabadilisha. Iwekee tarehe ya leo. Kwenye saa andika sita, nukta mbili, sifuri, sifuri. Ova."

"Sita, nukta mbili, sifuri, sifuri. Imekubali. Ova."

"Ingekataa ingenijua mimi ni nani. Sasa pokea kufuli jipya la Ruangwa, lile la zamani tupa kabisa. Ova na kwaheri."

Kufuli likaenda. Apolinari akapanda pikipiki, akaingia vijijini kutazama betri za sola, mahali ambapo redio haimfikii mtu. Alikuwa anaimba njia nzima.

Yaliyofuata aliyapata kesho yake kwa kusimuliwa. Mwalimu Teodosia, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi pale Ruangwa mjini, alishikwa uchungu kabla ya wakati, akapelekwa kwa Nicholaus, naye akaiarifu Nachingwea kwa redio. Wiki iliyotangulia alikuwa ametolewa damu ya kupimwa Nachingwea, na majibu yalitoka mchana ule ule. Daktari aliyasoma, akaandika barua fupi: mama huyu ana virusi, apewe kidonge sasa hivi kabla hajajifungua, na mtoto akizaliwa apewe matone yake. Akamkabidhi Koleta, akaingia chumba cha upasuaji ambako kulikuwa na mtu wa ajali.

Simu ya waya ilikuwa imelala tangu mvua zianze. Redio ya sauti ilisikilizwa na kila parokia, kila gari na kila mpishi wa padri. Kulitaja jina la mtu mle na ugonjwa wake ilikuwa sawa na kupiga mbiu. Ilibaki barua. Na nafasi ya mwisho ya kupeleka barua siku ile ilikuwa saa nane mchana, baada ya hapo hakuna mawimbi mazuri tena mpaka kesho.

Koleta aliandika, akabonyeza herufi ya kufunga. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Akasoma maandishi ya Kiingereza chini ya skrini pole pole, akayafasiri kwa kadiri alivyojua: kufuli hili limetengenezwa wakati ambao haujafika. Alijaribu tena, akazima, akawasha programu upya, akasali. Kisanduku cha redio kilianza kukoroma kuashiria njia iko wazi. Mlangoni pa chumba cha upasuaji taa ilikuwa ingali inawaka, daktari hajatoka.

Teodosia hakuwa mgonjwa tu kwake. Walichezwa unyago pamoja, wakiwa wasichana wa parokia moja, katika kundi lile lile, chini ya kungwi mmoja. Kwa watu wa kule hilo ni zaidi ya urafiki. Aliyekaa nawe ndani siku zile anakujua kuliko atakavyokujua mume, na kumwaga siri yake ni kujichafua mwenyewe. Koleta alilijua hilo. Akaipeleka barua bila kufuli, akiamini kwamba atakayeiona kule ni Nicholaus.

Lakini Nicholaus alikuwa na Teodosia chumba cha uzazi. Aliyeichukua ni mtu wa mapokezi. Akaichapa kwenye karatasi, akaisoma akitembea, akauliza kwa sauti kwenye benchi la wagonjwa Teodosia huyu wa virusi ni yupi. Dawa ilifika kwa wakati. Mtoto wa kiume alizaliwa salama, akapewa matone yake. Kufikia jioni sokoni Ruangwa wauza nyanya walikuwa wanalijua jina la mama yake na kilichomo damuni mwake.

Kesho yake Sista Dionisia, msimamizi wa hospitali, alimwita Apolinari ofisini kwa Koleta. Daktari alikuwepo, mhasibu alikuwepo, na mlangoni walijazana waliokuwa na kazi na wasiokuwa nayo. Maana maneno yalikwisha kuzagaa. Watu walikumbuka kwamba mwezi uliopita Koleta na Teodosia walinuniana kwenye arusi moja kwa ajili ya sare za kitenge, nani alinunua bila kumwambia mwenziwe. Sasa kitenge kile kikageuka kuwa sababu. Amemlipizia, walisema. Alikuwa anaingojea nafasi.

Sista alikuwa mtu wa haki, hakutaka porojo. "Fundi," alisema, "nina swali moja tu. Koleta anasema mashine ilikataa kufunga. Ilikataa au haikukataa?"

Umeme ulikuwa umekatika tena usiku. Apolinari aliwasha mashine, nayo ikauliza tarehe na saa. Akaangalia saa yake ya mkononi, ya tarakimu, akazinakili kama zilivyo bila hata kuwaza, kama mtu anavyopangusa meza kabla ya kula. Halafu akaandika barua ya majaribio kwa Ruangwa, akabonyeza ifungwe. Ikafungwa. Akafanya nyingine. Ikafungwa. Akageuza kiti awatazame.

"Mashine ni nzima," alisema.

"Jana ilikataa," alisema Koleta. "Apolinari, nisikilize. Iliniandikia kufuli la Ruangwa halijazaliwa bado."

Hapo Apolinari alicheka. Kama angenyamaza tu, pengine siku ingeisha vingine. Alicheka, akasema, "Waziri wa Posta, kwani makufuli siku hizi yanakwenda leba?" Mlangoni wakaangua kicheko, hata mhasibu akafunika mdomo.

Koleta hakucheka. Alimtazama, akasema kwa sauti ya chini isiyo ya kawaida yake, "Umekula kwangu miaka yote hii. Umewahi kunikuta na uongo?"

"Mimi naongea habari za mashine."

"Na mimi nakuuliza habari zangu."

Apolinari aliinua mabega. "Mashine haikukataa," alimwambia Sista. Kisha akasema angependa chai.

Basi. Koleta aliondoka kazini wiki ile. Hakufukuzwa kwa kelele. Aliambiwa tu apumzike, na mapumziko yenyewe hayakuwa na mwisho. Alirudi Naipingo kwa wazazi wake akashika jembe. Teodosia naye hakuweza tena kusimama mbele ya darasa pale mjini, watoto wenyewe walikuwa wameambiwa na mama zao wasipokee chaki mkononi mwake. Akaomba uhamisho akapelekwa Malolo. Alichokijua ni hicho kilichojulikana na wote: Koleta alikuwa na kufuli mkononi, akaacha kulifunga, na mtaalamu amethibitisha.

Miaka mitatu ikapita. Apolinari hakuiona kama mizigo. Mara moja, akipita Naipingo, alimwona Koleta kando ya barabara akipeta ufuta. Akapunguza mwendo, akainua mkono. Koleta aliendelea kupeta. Apolinari akakasirika, ndiyo, yeye ndiye aliyekasirika, akajisemea kwamba mtu akikosa, heri akubali makosa yake. Ukitaka kumjua mtu alivyokuwa siku zile, ni hivyo.

Kisha ikaja siku ya Lusia. Lusia alikuwa karani mpya Ruangwa, mwaka elfu mbili na saba, simu za mkononi zikiwa zimekwisha kuenea ila barua za wagonjwa zikiwa bado zinafungwa kwa njia ile ile ya zamani. Alfajiri ya siku hiyo Apolinari alitoka kuibadilisha mashine ya Nachingwea, akaitengenezea kufuli jipya ilipogonga saa mbili asubuhi, akalibeba kwenye disketi mpaka Ruangwa. Alipofika aliifungua mashine ya Lusia aipanguse vumbi, akatoa betri ndogo akairudisha. Alikuwa chini ya meza, matako juu, mikono ndani ya waya, Lusia alipomwuliza.

"Fundi, imewaka. Inataka saa."

"Saa ngapi sasa hivi?"

"Saa tano kamili."

"Andika tano, nukta mbili, sifuri, sifuri."

Lusia akaandika. Apolinari akamwelekeza kutoka kule chini jinsi ya kuliingiza kufuli la Nachingwea na kuandika barua ya majaribio.

"Imekataa, Fundi."

"Umekosea herufi. Rudia."

"Sijakosea. Inasema..." Lusia alisoma polepole, kidole kikifuata maneno kwenye kioo. "Inasema kufuli limetengenezwa wakati ambao haujafika."

Apolinari aliinuka ghafla akagonga kichwa chini ya meza, na hakusikia maumivu. Alisimama mbele ya skrini. Maandishi yalikuwa pale, meupe juu ya weusi, maneno ambayo hajawahi kuyaona kwa macho yake katika maisha yake yote ya ufundi, na aliyakuta yana maana ile ile ya yale aliyoyachekea.

Saa yetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Saa ya mashine huanza usiku wa manane. Ilipoambiwa tano, yenyewe ilielewa ni alfajiri, jogoo wa pili. Na kufuli la saa mbili asubuhi, kwa hesabu ya mashine, lilikuwa bado halijatengenezwa na mtu yeyote duniani. Lilikuwa halijazaliwa. Ungeiacha mpaka mchana, saa yake ingelifikia kufuli na kulipita, na fundi akija angeikuta inafunga vizuri tu, inang'aa, haina kosa.

"Fundi, kuna nini?" aliuliza Lusia. "Umepauka."

Hakuwa anamsikia yeye. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe kwenye redio, sauti ya mtu anayejiamini, bisibisi mkononi: sita, nukta mbili, sifuri, sifuri. Si Koleta aliyeikosea saa. Koleta aliuliza, akaandika alivyoambiwa, akairudia ili ahakikishe. Saa nane mchana mashine iliamini ni saa mbili asubuhi, na kufuli la Nicholaus ni la saa nne. Ilikuwa na haki ya kukataa. Na kesho yake yeye alikaa kitini, akaandika saa sahihi, akafuta kwa kidole chake ushahidi pekee wa mwanamke yule, kisha akageuka na kumcheka.

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya kituo, akalia. Wagonjwa walidhani amefiwa.

Siku iliyofuata alikwenda Naipingo. Alimkuta Koleta uani anachambua mbaazi, amekonda kidogo, mikono imekuwa migumu. Hakumwambia karibu, wala hakumfukuza. Apolinari akabaki amesimama juani, akaeleza yote tangu bisibisi hadi meza ya Lusia, bila kujipunguzia. Koleta aliendelea kuchambua hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada Koleta."

"Sasa nikueleze na mimi, maana siku ile hukunipa nafasi. Kwamba mashine ilikataa, hilo si habari kwangu. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Umekuja kuniambia kitu nilichokuambia mimi." Alitupa punje mbovu pembeni. "Ulikuja ukaipima mashine. Mimi hukunipima. Hata kama usingejua habari za saa, ulikuwa unanijua mimi."

"Nakuomba unisamehe."

"Nimekusikia. Lakini wewe, Apolinari, ulikuwa mtu wa kazini tu. Wa kazini huja na kuondoka. Mtu wangu aliyepotea ni Teodosia. Nimekwenda Malolo, nikabisha hodi, nikasikia anaambiwa ni mimi, na komeo likaingia ndani. Nikaenda tena mwaka uliofuata. Komeo. Mimi na yeye tulikuwa tunalala mkeka mmoja tukiwa wali wa unyago, tunapigwa pamoja, tunalia pamoja. Leo akifa nitasikia kwa wapita njia." Akaweka ungo chini. "Kama una la kusema, kalisemee huko. Hapa unanichelewesha kazi."

Apolinari hakulala nyumbani siku ile. Alipanda pikipiki akaenda hadi Ruangwa, na asubuhi akaingia Malolo. Ilikuwa Jumamosi. Teodosia alikuwa anafagia mbele ya nyumba ya walimu, mwanamke mrefu, mtulivu, aliyezoea kutosalimiwa. Mtoto alikuwa anacheza kando na kopo la mafuta. Apolinari alijitaja jina. Teodosia aliacha kufagia.

"Wewe ndiye yule mtaalamu."

"Ndiye mimi, Mwalimu. Nimekuja kukanusha."

Alimweleza. Yeye ni mwalimu, hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Habari za saa ya asubuhi na saa ya usiku wa manane alizishika kabla hajamaliza sentensi. Alichouliza ni kingine.

"Alijaribu kuifunga?"

"Alijaribu mpaka njia ikataka kufungwa."

"Angeweza kungoja?"

"Mpaka kesho yake."

Teodosia akageuka akamtazama mtoto, ambaye wakati huo alikuwa amelivaa kopo kichwani na kucheka peke yake. Kila mwaka humpima. Kila mwaka humrudisha nyumbani mzima, hana kitu. Aliegemea ufagio.

"Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili," alisema. "Jina langu au huyu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Akamchagua huyu."

Aliuegemeza ufagio ukutani.

"Alikuja hapa," alisema Teodosia. "Alikuja na kuku. Nilimfungia mlango na mvua inanyesha. Nilimwangalia kwenye upenyo wa dirisha akisimama pale, kanga imelowa, kuku mkononi, anasema Teo, Teo, nisikie neno moja. Nikasema moyoni, acha alowe." Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza hasira yake ikapata mtu wake. "Nilikuamini wewe. Sikukujua hata sura, nikakuamini wewe, nikamkana yeye niliyechezwa naye. Ulikuwa na nini wewe cha kuaminiwa hivyo?"

Safari hii, kwa bahati nzuri, Apolinari hakutafuta la kuchekesha.

Teodosia aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amejitanda kanga safi, amemvalisha mtoto shati. "Nipeleke," alisema.

Walikwenda watatu juu ya pikipiki, mtoto katikati, vumbi jekundu likiwapaka wote rangi moja. Walipita Ruangwa mjini bila Teodosia kugeuza shingo upande wa soko. Walipoingia Naipingo jua lilikuwa limeanza kulegea, na Koleta alikuwa pale pale uani, anaanua mbaazi mkekani.

Apolinari alizima pikipiki mbali kidogo. Aliona Koleta akiinua kichwa, akiona ni nani, akisimama na kukaa tena kama mtu ambaye hajaamua. Teodosia alitembea hadi ukingo wa mkeka, akavua viatu, akapiga magoti juu ya mbaazi.

"Mwenzangu," alisema. Hakuendelea, kilio kilimwahi.

Koleta alimshika mabega amwinue, akashindwa, wakaanguka pamoja, na sauti waliyoitoa Apolinari hajaisikia tena mahali pengine popote. Majirani walichungulia, wakaelewa, wakarudisha vichwa. Apolinari alikaa chini kando ya pikipiki yake, mgongo kwenye gurudumu. Alikuwa ametarajia, tuseme ukweli, kwamba kuleta mtu huyu mpaka hapa kutampunguzia. Hakukumpunguzia kitu. Kadiri walivyoshikana ndivyo alivyozidi kuona kile alichokivunja, ukubwa wake, na jinsi kilivyokuwa kizuri kabla hajakigusa.

Baadaye vilio vilipungua, yakaja maneno ya chini chini, hata kicheko kimoja kilichochanganyika na kamasi. Hakuna aliyemwita akaribie, naye aliona ni sawa.

Mtoto, aliyekuwa amesimama akimshangaa mama yake, alisogea akaokota mbaazi mkekani akatia mdomoni. Koleta alimwona. Alimvuta karibu, akamtoa ile mbaazi kinywani kwa kidole, akampangusa vumbi usoni kwa pindo la kanga, akamtazama kwa muda mrefu, paji, masikio, mikono. Alikuwa amesikia tu kwamba ni wa kiume.

"Mwenzangu," alimwuliza Teodosia, "huyu mtoto mlimpa jina gani?"